Majibu kwa Wanaoibeza Simfonia ya Amy Beach

Tarehe 30 Oktoba 1896, Okestra ya Simfonia ya Boston, ikiongozwa na Emil Paur, ilipiga kwa mara ya kwanza simfonia ya mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa akiishi mjini humohumo. Noti zake zilipochapishwa mwaka uliofuata zilibeba jina la Mrs. H. H. A. Beach, herufi zote tatu zikiwa za mumewe. Jina lake mwenyewe lilikuwa Amy. Kazi aliiita Gaelic Symphony, kwa sababu mna nyimbo za zamani za Ireland ndani yake. Ilipigwa katika miji kadhaa ya Marekani, ikavuka bahari hadi Ujerumani, kisha ikanyamaza. Vizazi viwili vya wapenzi wa muziki vilikua bila kuisikia. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikirudi kidogo kidogo kwenye santuri na majukwaani, na kila inaporudi hufuatwa na maneno yaleyale, yakirudiwa na watu ambao wengi wao, nina shaka, hawajaisikiliza hadi mwisho.

Kwa msomaji asiye mwenyeji wa muziki huu: simfonia ni utungo mrefu wa okestra nzima, kwa kawaida wenye sehemu nne, usio na mwimbaji. Aliyewahi kukaa mbele ya kikundi cha taarab cha Zanzibar anajua raha ya fidla nyingi zikivuta uta kwa pamoja. Aziongeze ziwe makumi, atie filimbi, oboe, matarumbeta na ngoma kubwa, amwondoe mwimbaji, na hapo atakuwa amekaribia. Simfonia ya Beach huchukua dakika zipatazo arobaini.

Neno la kwanza la wabezaji ndilo linaloonekana kuwa na busara kuliko yote. Husema: wakati ni chekeche, kazi nzuri hubaki juu na hafifu huanguka chini, na kama hii ilisahauliwa basi ilistahili. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama simfonia ya Beach ingekuwa imeanguka peke yake. Haikuanguka peke yake. Kilianguka kizazi kizima. John Knowles Paine, ambaye simfonia yake ya kwanza ilipigwa Boston mwaka 1876 watu wakashangilia, naye alisahauliwa. George Chadwick, aliyeandika simfonia tatu, alisahauliwa. George Bristow wa New York, mpiga fidla aliyejitoa katika okestra ya New York Philharmonic mwaka 1854 kwa hasira kwamba haikupiga kazi za Wamarekani, alisahauliwa kabla yao wote. Chekeche lisiloacha kitu chochote juu lina tundu, na lifaalo kukaguliwa ni chekeche lenyewe.

Tundu hilo tunalijua. Watunzi wa Boston walijifunza kwa Wajerumani, na Vita vya Kwanza vya Dunia viliifanya Ujerumani kuwa jina chungu nchini Marekani. Baada ya vita vijana kama Aaron Copland walikwenda Paris kusoma, wakarudi na mdundo wa jazi na sauti kali mpya, na wakahitaji kusema kwamba kabla yao hapakuwa na kitu. Hilo ni jambo la kawaida kwa vijana wa kila sanaa. Tatizo ni kwamba waliaminiwa. Mwaka 1958 Leonard Bernstein, akiwaeleza watoto mbele ya kamera za televisheni muziki wa Kimarekani ni nini, aliufananisha na mtoto anayekua, na kizazi cha Chadwick akakiweka chekechea. Mtu mwenye kipaji kikubwa cha kueleza akisema hivyo kwenye televisheni, watoto waliomsikia wanakuwa waongozaji okestra, walimu na wahariri wa vitabu, na wanakwenda na neno hilo maisha yao yote. Hapo hakuna chekeche la wakati. Kuna mtu mmoja na kipaza sauti.

Na kabla ya kusahauliwa simfonia ya Beach ilipata heshima yake. Mwaka mmoja baada ya onyesho la kwanza ilichapishwa na Arthur P. Schmidt wa Boston, jambo ambalo watunzi wengi wa Marekani wa siku hizo hawakulipata. Simfonia nyingi za Bristow zilibaki kwenye miswada. Mwaka 1913 ilipigwa Hamburg na Leipzig, miji ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kumpendelea mwanamke kutoka Amerika. Mwaka 1915 Leopold Stokowski aliipiga na Okestra ya Philadelphia. Kazi isiyo na thamani haitembei namna hiyo kwa karibu miaka ishirini.

Neno la pili hutolewa kwa upole, kama la kumwonea huruma. Alikuwa mke wa daktari, wanasema, aliyejifundisha mwenyewe nyumbani. Tumhukumu kama mtu wa kujipitishia wakati. Hapa inafaa kusimulia kwa kirefu, maana ukweli ni mgumu na mzuri kuliko hadithi hiyo.

Amy Marcy Cheney alizaliwa tarehe 5 Septemba 1867 huko Henniker, mji mdogo wa New Hampshire. Mama yake alipiga piano na kuimba. Akiwa na miaka minne, kwenye shamba la babu yake ambako hapakuwa na piano, alitunga vipande vya wolzi kichwani mwake na kuvipiga aliporudi nyumbani. Mara nyingi hadithi za utoto wa watunzi hutiwa chumvi, na mtu asizibebe zote kama zilivyo. Lakini mwaka 1883, akiwa na miaka 16, alipanda jukwaani Boston na kupiga konchato ya Moscheles pamoja na okestra, na magazeti ya mji yalimsikia na kumwandika. Miaka miwili baadaye alipiga konchato ya Chopin na Okestra ya Simfonia ya Boston yenyewe.

Wazazi wake walishauriwa wampeleke Ulaya akasome. Walikataa. Mwaka 1884 walimwendea Wilhelm Gericke, mwongozaji wa okestra ya Boston, wakamuuliza msichana huyu asome utunzi kwa nani. Jibu lake: ajisomee mwenyewe, kwa kuchambua kazi za mabingwa. Wanaume wa rika lake hawakupewa shauri hilo. Chadwick alikwenda Leipzig na Munich, Horatio Parker akaenda Munich, Paine alikuwa ametangulia Berlin. Kwa rasmi, Amy alikuwa na mwaka mmoja tu wa masomo ya upatanifu wa sauti, kwa Junius Hill wa Boston.

Basi akajisomesha. Alitwaa vitabu vya Berlioz na Gevaert kuhusu namna ya kuandikia okestra, vyote vya Kifaransa, akajitafsiria. Aliandika kwa kumbukumbu fyugu za Bach, sauti kwa sauti, kisha akafungua kitabu kuona wapi alikosea. Hii si njia ya mtu anayejipitishia wakati. Ni njia ngumu kuliko darasa, kwa sababu darasani kuna mtu wa kukuambia umefika.

Mwaka 1885, akiwa na miaka 18, aliolewa na Henry Harris Aubrey Beach, daktari wa upasuaji aliyemzidi umri kwa karibu robo karne. Ndoa ilikuwa na masharti: apige hadharani mara chache tu kwa mwaka, malipo yaende kwa wenye shida, na asifundishe piano. Wapo wanaomchora daktari huyo kama mlinzi wa gereza. Picha hiyo ni nusu. Huyohuyo ndiye aliyemsukuma aandike kazi kubwa badala ya kubaki mpiga piano, na nyumba yao ilimpa muda na utulivu ambao watunzi wengi hawakuupata. Alimfungia mlango mmoja akamfungulia mwingine, na sisi hatujui angekuwa nani kama angeachiwa yote miwili. Mimi naona uchungu katika mpango ule, lakini siwezi kuugeuza kuwa ushahidi kwamba hakujua kazi.

Na kazi aliijua kabla ya simfonia. Februari 1892 jumuiya ya waimbaji ya Handel and Haydn, taasisi kongwe na yenye kiburi cha aina yake, ilipiga Misa yake ya E bapa, kazi ya zaidi ya saa nzima kwa kwaya, waimbaji pekee na okestra. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jumuiya hiyo kupiga kazi ya mwanamke. Mwaka huohuo okestra ya New York chini ya Walter Damrosch ilipiga wimbo wake mkubwa wa sauti ya mwanamke. Mwaka 1893 aliandikia kwaya na okestra kazi ya kufungulia Jengo la Wanawake katika maonyesho ya dunia ya Chicago. Aliyeketi kuandika simfonia mwaka 1894 alikuwa mtunzi mwenye uzoefu.

Sasa tuje kwenye neno linalopendwa kuliko yote, na ambalo lina ukweli ndani yake: kwamba simfonia hii ni kivuli cha ile ya Antonín Dvořák inayoitwa Kutoka Ulimwengu Mpya.

Dvořák, mtunzi wa Bohemia, alikuwa Marekani tangu 1892 hadi 1895 kama mkuu wa chuo cha muziki cha Jeannette Thurber huko New York. Simfonia yake ilipigwa New York Desemba 1893, na kabla mwezi haujaisha ikapigwa Boston. Beach aliisikia. Yake, iliyoanza mwaka uliofuata, iko katika ngazi ileile ya E ndogo, na inajibu swali lilelile: muziki wa Marekani ujengwe juu ya nini? Nani atakayebisha kwamba cheche ilitoka kwa Dvořák? Sibishi. Nabisha neno kivuli.

Sikiliza mwanzo wa kila moja. Ya Dvořák inaanza polepole kwa selo, ikitafakari, kabla ya kuvunja kimya. Ya Beach inaanza kwa nyuzi zinazonguruma chinichini, zikipanda na kushuka kwa nusu-hatua bila kutulia, mpaka shaba zinapoita kwa nguvu. Muziki huo haukutoka kwa Dvořák. Ulitoka kwake mwenyewe, katika wimbo aliokuwa ameuandika kabla ya Dvořák kutia mguu Amerika, wimbo wa bahari usiku, ambao piano yake ilikuwa tayari na mngurumo huo. Aliuchukua, akaupa okestra nzima na nafasi ya kukua. Mtunzi anayejinukuu hajamwiga jirani.

Halafu kuna sehemu ya pili. Katika simfonia nyingi za karne ile kulikuwa na sehemu moja ya kasi na ya kuchezacheza, yenye kitulizo katikati: haraka, taratibu, haraka. Dvořák aliifuata. Beach aliigeuza. Yake inaanza taratibu, baragumu ikifungua njia, oboe ikiimba wimbo wa Ireland katika mdundo wa kubembea. Kisha okestra inalipuka mbio, nyuzi zikikimbia kwa noti ndogondogo, nyepesi, hazishikiki. Msikilizaji anadhani kaletewa kitu kipya kabisa. Akitega sikio anagundua ni wimbo uleule wa oboe, umekatwa vipande na kutiwa kasi. Kisha unarudi ulivyokuwa. Brahms alikuwa amefanya kitu cha namna hiyo katika simfonia yake ya pili, 1877, kwa hiyo wazo si la Beach peke yake, lakini kwa Dvořák halikutoka. Nasema bila kusita kwamba hii ndiyo sehemu bora ya kazi nzima, na ni miongoni mwa dakika nzuri kabisa zilizoandikwa Marekani katika karne ile.

Tofauti kubwa zaidi iko katika jinsi wawili hao walivyotumia muziki wa watu. Dvořák hakunukuu wimbo wowote halisi wa Marekani. Alitunga zake kwa roho ya alichosikia, hasa nyimbo za Wamarekani Weusi alizoimbiwa na mwanafunzi Harry Burleigh. Beach alichukua nyimbo zenyewe, kutoka katika chapisho la Dublin la mwaka 1841. Zipo nne. Mmoja unafunga maelezo ya sehemu ya kwanza, mmoja umebeba sehemu ya pili yote, miwili inaomboleza katika ya tatu, ambako fidla moja na selo moja huachiwa nafasi ya kusema peke yake. Sehemu ya nne haina wimbo wa kuazima hata mmoja. Alisema alitaka ieleze maisha magumu ya watu wenye nyimbo hizo, shauku zao na vita vyao, na akayaeleza kwa kugeuza mada za sehemu ya kwanza.

Hapo ndipo anapokuja mbezaji wa nne: basi alikopa, na alikopa kwa watu wasio wake. Kuhusu kukopa, niwe mfupi. Haydn alikopa, Beethoven alikopa, Chaikovski alijenga sehemu nzima ya simfonia juu ya wimbo wa vijijini. Hatumhukumu mtunzi kwa tofali bali kwa nyumba.

Kuhusu watu wasio wake nataka kukaa kidogo, maana pana jambo ambalo wasifiaji wake pia hawapendi kuligusa. Mei 1893 Dvořák alitangaza gazetini kwamba muziki wa baadaye wa Marekani lazima ujengwe juu ya nyimbo za watu Weusi. Beach alijibu kwa maandishi katika gazeti la Boston mwezi huohuo. Alizisifu nyimbo hizo kwa uzuri, lakini akasema Weusi ni sehemu moja tu ya taifa, na kwamba watu wa kaskazini wana urithi wa karibu zaidi katika nyimbo za Kiingereza, Kiskoti na Kiairishi. Kwa masikio ya msomaji wa Kiafrika hoja hiyo inakera, na historia haikusimama upande wake. Blues, jazi na muziki wa injili vilivyokuja baada ya hapo ndivyo vilivyoipa Marekani sauti ambayo dunia nzima inaitambua. Katika mabishano hayo Dvořák aliona mbali kuliko yeye.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu chaguo la Ireland halikuwa la starehe kama linavyoonekana leo. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua zaidi ya watu milioni moja nchini Ireland na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni, na Boston ilikuwa mojawapo ya bandari walizofikia. Wenye mji, Waprotestanti wa nasaba za zamani, waliwapokea kwa dharau: walikuwa Wakatoliki, maskini, wapishi na wafua nguo wa nyumba kubwa na wachimba mifereji. Meya wa kwanza wa Boston aliyezaliwa Ireland, Hugh O'Brien, aliingia madarakani mwaka 1885 tu. Miaka kumi na moja baadaye, bibi wa nasaba ile ya zamani alizichukua nyimbo za watu wa jikoni akazipeleka kwenye ukumbi mkuu wa muziki, zipigwe na wapiga vyombo bora wa mji. Sidai kwamba alifanya mapinduzi. Nasema anayedai alichagua kitu salama aliusahau mji wenyewe.

Na tukiwa bado na Dvořák: mwaka 1892, alipokuwa mgeni bado, alinukuliwa katika gazeti la Boston akisema wanawake wa Marekani wanapiga vizuri, lakini kwa utunzi hawatasaidia sana, kwa kuwa hawana nguvu ya kuumba. Anayeiita simfonia ya Beach kivuli cha Dvořák akumbuke hilo. Kazi hiyo ni jibu pia, na jibu huanza pale swali lilipoishia.

Neno la tano: ina kelele. Philip Hale, mhakiki aliyeogopwa Boston, aliisifu kwa mambo mengi baada ya onyesho la kwanza, lakini akalalamikia okestra yake nzito, kisha akaongeza kwamba dalili pekee ya mwanamke aliyoiona katika kazi nzima ni vishindo hivyo. Tafakari mantiki yake. Kama angeandika kwa wepesi wangesema ni laini kwa sababu ni mwanamke. Aliandika kwa nguvu, wakasema anapiga kelele kwa sababu ni mwanamke. Hakuna noti ambayo ingemwokoa.

Hata hivyo, nikiuweka kando upuuzi wa jinsia, Hale hakukosea kabisa. Katika sehemu ya nne shaba zimepewa kazi nyingi mno, na kilele kinafika mara nyingi hadi msikilizaji hajui kipi ni cha kweli. Sehemu ya tatu nayo ni ndefu kuliko inavyohitaji. Baada ya selo kumaliza maombolezo yake kwa mara ya pili, mimi ningeshukuru kama angeondoka. Kasoro hizi zipo. Zipo pia katika simfonia ya kwanza ya Chaikovski na katika za mwanzo za Dvořák, ambazo hupigwa bila mtu kuuliza kama zina haki ya kuwepo. Mwanaume aliyeandika simfonia ya kwanza yenye kasoro husemwa anaanza. Mwanamke husemwa ameshindwa. Na Chadwick, aliyejua ugumu wa kazi hiyo kwa vidole vyake, baada ya kuisikia alimwandikia barua ya kumpongeza, akimwambia kwamba sasa wamemhesabu kuwa mmoja wao.

Neno la mwisho la wabezaji ni la siku hizi: kwamba inafufuliwa kwa ajili ya jinsia ya mtunzi tu. Jibu ni tarehe. Santuri ya kwanza ya simfonia hii iliongozwa na Karl Krueger katika miaka ya 1960, akiwa na Royal Philharmonic ya London, katika mfululizo wa kuhifadhi urithi wa muziki wa Marekani. Mfululizo huo ulijaa wanaume, akina Paine na Chadwick. Krueger alikuwa akitafuta kazi za nchi yake zilizotupwa, akaiona hii. Mwaka 1991 ilikuja ya Neeme Järvi na Okestra ya Simfonia ya Detroit, na miaka ya 2000 ya Kenneth Schermerhorn na okestra ya Nashville. Hao ni waongozaji wenye masikio, na walirudia kazi waliyoiona inastahili kurudiwa.

Nisiwaache salama marafiki zake nao, kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Husemwa mara nyingi kwamba hii ni simfonia ya kwanza duniani kutungwa na mwanamke. Si kweli hata kidogo. Louise Farrenc aliandika simfonia tatu Ufaransa katika miaka ya 1840, na Emilie Mayer wa Ujerumani aliandika kadhaa zilizopigwa wakati wa uhai wake. Hata Boston, mwanamke wa kwanza kupigiwa kazi na okestra ya mji alikuwa Margaret Ruthven Lang, mwaka 1893. Stahili ya Beach ni kwamba ya kwake ni simfonia ya kwanza ya mwanamke wa Marekani kutungwa na kuchapishwa. Hilo ni kubwa vya kutosha, halihitaji kutiwa chumvi, na anayelitia chumvi anawapa wabezaji fimbo ya bure. Mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kupigiwa simfonia na okestra kubwa, Florence Price, alingoja hadi 1933 huko Chicago, na kazi yake nayo ikazikwa kwa miongo. Sababu hazikuwa zilezile zote, lakini makaburi yalikuwa jirani.

Beach hakuandika simfonia ya pili. Mumewe alifariki 1910, mama yake mwaka uliofuata, naye akaenda Ulaya kupiga piano hadi vita vilipomrudisha 1914. Aliendelea kutunga, akiacha kazi zipatazo mia tatu, nyingi zikiwa nyimbo. Alifariki New York tarehe 27 Desemba 1944. Mwaka 2000 jina lake liliongezwa kwenye ukuta wa jukwaa la Hatch Shell pale Boston, pamoja na majina ya watunzi themanini na sita waliokuwepo tayari, wote wanaume.

Kwa walimu wa muziki, waandaaji wa vipindi vya redio na vijana wanaopiga fidla katika vyuo na okestra zetu: noti za 1897 ni huru. Hata katika nchi zinazolinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, ulinzi wa hii uliisha mwishoni mwa 2014, na hakuna wa kumlipa wala kumwomba ruhusa. Anzeni na sehemu ya pili. Asiyeipenda baada ya hapo ana haki yake, ila aseme ni nini hasa kilichomchosha, na katika dakika ya ngapi.